Tofauti ya riziki ni Qadar, pengo hili ni kazi ya mikono yetu

 

Ndugu msomaji, makala haya ni deni. Katika darsa ninayosomesha baada ya swala ya Alasiri, akina mama hukaa nyuma ya pazia na maswali yao huyaleta kwa maandishi. Siku moja nililetewa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule. Mama mmoja alikuwa anauliza: je, ni kukufuru mtu kujiuliza kwa nini Allah amewapa wengine mpaka wanatupa, na wengine amewanyima mpaka wanakopa chumvi?

Nilimjibu kwa dakika tatu. Nikamtajia aya ya 32 ya Suratuz-Zukhruf, inayoeleza kuwa Allah ndiye aliyegawa maisha ya watu hapa duniani na akawanyanyua baadhi yao daraja juu ya wengine. Nikamuusia subira, nikaomba dua, nikaendelea na swali lingine. Waliohudhuria wakaitikia "Amin". Mimi mwenyewe nikaona nimejibu vizuri.

Wiki chache baadaye nikapata habari za mama yule. Ni mjane, anauza samaki wa kukaanga, na kila alfajiri anafuata samaki Feri. Mtaji ulipokatika alikopa shilingi 300,000 kwa hawa wakopeshaji wa mitaani ambao watu wenyewe wamewapa jina la "kausha damu". Sharti lilikuwa kurejesha shilingi 12,000 kila siku kwa siku 30, yaani 360,000. Kabla hajakabidhiwa fedha, alikatwa 15,000 ya fomu. Kila alipomaliza, mtaji ulikuwa umekwisha, akakopa tena. Kwa miezi minane mama huyu alilipa ziada ya shilingi 75,000 kila mwezi. Jumla ni 600,000, mara mbili ya fedha aliyokopa, na bado alikuwa anadaiwa.

Mtaa huo huo yupo mfanyabiashara mwenye hati ya nyumba. Huyo akienda benki anakopeshwa mamilioni kwa riba ya asilimia kumi na kitu kwa mwaka. Mama wa samaki alikuwa anatozwa asilimia 20 kwa mwezi, bila kuhesabu fomu. Riba ni haramu kwa wote wawili, hilo halina mjadala. Lakini tazama jinsi mfumo wenyewe ulivyo: mwenye kidogo analipa zaidi, mwenye kingi analipa kidogo. Hebu tujiulize, hili nalo ni Qadar ambayo jibu lake ni subira tu? Mkataba ule uliandikwa na mtu, ukagongwa muhuri na mtu, na sahihi ya mdhamini ikawekwa na mtu.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa sikumjibu yule mama. Nilimnyamazisha. Nikarudi kwenye vitabu.

Aya tunazozisoma nusu

Jambo la kwanza lililonishitua ni kwamba aya niliyomtajia haikushuka kuwanyamazisha maskini. Isome pamoja na aya iliyo kabla yake, ya 31. Wakubwa wa Maquraish walikuwa wanalalamika kwa nini Qur'an haikuteremshwa kwa mtu mkubwa katika miji miwili, Makka na Taif. Kwao wao, mwenye mali ndiye mwenye haki ya kila kitu, hata Utume. Allah (s.w.) akawajibu kuwa si wao wanaogawa rehema ya Mola, na akamalizia kwa kueleza kuwa rehema hiyo ni bora kuliko hayo wanayoyakusanya. Aya iliyoshuka kuwavunja kiburi matajiri, sisi tumeichukua tukawapa nayo matajiri mto wa kulalia.

Jambo la pili liko katika Surat Yasin, sura ambayo wengi wetu tumeihifadhi na tunaisoma katika kila hitima. Aya ya 47 inatusimulia watu walioambiwa watoe katika alivyowaruzuku Allah. Walijibu kwa kuuliza: vipi tumlishe mtu ambaye Allah angetaka angemlisha Mwenyewe? Ndugu msomaji, angalia ni nani aliyetoa hoja hiyo. Qur'an imeiweka katika vinywa vya makafiri. Kwa hiyo hoja ya kwamba "kama Mungu angetaka wasingekuwa maskini" ni kongwe.

Jambo la tatu ni Qarun, katika Suratul-Qasas aya ya 76 hadi 81. Yeye hakusema Mungu alitaka. Alidai kuwa mali ile ameipata kwa elimu aliyonayo. Basi hizi ndizo pande mbili za uongo mmoja. Tajiri akizungumzia utajiri wake, anasema ni akili yangu. Akizungumzia umaskini wa jirani yake, anasema ni Qadar ya Mungu.

Ama kuhusu Qadar yenyewe, tunayo kauli ya Umar bin Khattab (r.a.) mwaka wa 18 Hijria, tauni ilipoingia Sham. Alipoamua kurudi na watu wake, Abu Ubaida (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar alimfahamisha kuwa wanatoka katika Qadar moja ya Allah wanaingia katika Qadar nyingine ya Allah. Maradhi ni Qadar na dawa ni Qadar. Njaa ni Qadar, na chakula alichonacho jirani ni Qadar pia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga kwa Allah kutokana na ufakiri, akiutaja pamoja na ukafiri. Jambo linaloombewa kinga ni jambo la kupigwa vita.

Tofauti si pengo

Hapa pana sehemu ya kuwa waangalifu, ili tusije tukatoka kwenye shimo moja tukatumbukia jingine. Uislamu haukusema watu wote wawe sawa kwa mali. Mtu anafanya kazi zaidi, mwingine ana kipaji, mwingine amerithi, mwingine shamba lake limepata mvua. Tofauti hizo zipo na zitaendelea kuwepo.

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na kitu. Mtume (s.a.w.) alimuunga undugu na Saad bin Rabii (r.a.), ambaye alikuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka na akaomba aonyeshwe soko. Akaanza na jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa maswahaba matajiri kabisa. Hakuna aliyemlaumu kwa utajiri wake.

Lakini tazama mambo mawili yaliyokuwepo. Kulikuwa na ndugu aliyekuwa tayari kugawa, na kulikuwa na soko lililo wazi ambalo mgeni asiye na kitu aliweza kuingia asubuhi na jioni akarudi na faida. Pengo la kutisha linatokea pale ndugu anapofunga mlango na soko nalo likawa na mwenyewe. Hiyo si tofauti ya riziki tena. Ni ukuta, na ukuta hujengwa.

Sheria zilizowekwa kuuzuia ukuta

Kama pengo kubwa lingekuwa ni jambo lisilobadilika, Allah (s.w.) asingeweka sheria za kulibadilisha. Tuzitazame kwa ufupi.

Kwanza, Zaka. Hii si hisani. Suratul-Maarij aya ya 24 na 25 inaiita haki maalumu ya mwenye kuomba na aliyenyimwa. Ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu (kwa dhahabu ni gramu 85) na kupitiwa na mwaka. Mwenye shilingi milioni 100 za biashara anatoa milioni mbili na nusu kila mwaka, apate faida asipate. Maana yake ni kwamba fedha iliyolala inapungua, na mwenyewe analazimika kuizungusha. Abu Bakr (r.a.) aliwapiga vita waliokataa kuitoa baada ya kufariki Mtume (s.a.w.), ilhali walikuwa wanaswali. Hakuna mtu anayepigwa vita kwa kuacha hisani.

Pili, Mirathi. Suratun-Nisaa imegawa mali ya maiti kwa mafungu, mama, mke, binti na dada wakiwemo. Mali kubwa ikipita vizazi vitatu kwa mafungu hayo, haibaki mikononi mwa mtu mmoja.

Tatu, kuharamishwa riba. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliifuta riba yote ya zama za ujahiliya, na ya kwanza aliyoitangaza kuwa imefutwa ni ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul-Muttalib (r.a.). Alianzia nyumbani kwake.

Nne, kukatazwa kuficha bidhaa ili bei ipande, na kufanywa maji, malisho na moto kuwa vitu ambavyo watu wanashirikiana.

Na tano, lengo lenyewe limetajwa waziwazi katika Suratul-Hashr aya ya 7, pale Allah (s.w.) alipoeleza kwa nini mali ya fai igawiwe mayatima, maskini na wasafiri: ili mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Sijui kama kuna njia iliyo wazi zaidi ya kusema kwamba pengo linaweza kuzuiwa, na kwamba tumeamrishwa kulizuia.

Walioifanyia kazi aya hii

Iraq ilipofunguliwa katika zama za Umar (r.a.), wapiganaji walidai ardhi yenye rutuba ya Sawad igawanywe kwao kama ngawira. Walikuwa na hoja, na miongoni mwa waliodai kwa nguvu alikuwepo Bilal (r.a.). Umar alikataa. Alisimamia aya hizo hizo za Suratul-Hashr, zinazowataja pia wale watakaokuja baadaye. Ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake, wakitoa kodi ya kharaji kwenda Baitul-Mal kwa ajili ya umma wote. Inapokewa kuwa Muadh bin Jabal (r.a.) alimtahadharisha juu ya jambo kama hilo: mapato makubwa yakigawiwa watu wachache, wakifa yataishia kwa mwanaume mmoja au mwanamke mmoja, na Waislamu watakaokuja hawatakuta kitu.

Ndugu zangu, hapa maswahaba walikaa wakatazama miaka mia mbele, wakaliona pengo kabla halijazaliwa, wakalizuia kwa uamuzi.

Vivyo hivyo Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720, aliyakuta mashamba na mali za umma mikononi mwa jamaa zake wa Banu Umayya. Alizirudisha, akaanza na za kwake na vito vya mkewe. Inapokewa kuwa mtoza Zaka aliyepelekwa Afrika ya Kaskazini hakupata maskini wa kumpa. Utawala wake haukufika miaka mitatu. Alipoondoka, wengi wa waliomfuata walirudia njia ya zamani, na pengo likarudi. Somo lake lina pande mbili: pengo linafungwa na watu, na linafunguliwa na watu.

Ushahidi wa zama zetu

Huenda msomaji akasema hayo ni ya wema waliotangulia, dunia ya leo ni nyingine. Ripoti ya dunia kuhusu tofauti za kipato ya mwaka 2022 ilieleza kuwa asilimia 10 ya watu matajiri zaidi wanamiliki asilimia 76 ya mali yote ya dunia, na nusu ya binadamu walio chini wanamiliki asilimia 2 tu. Idadi kama hii inaweza kumfanya mtu adhani ni maumbile, kama mlima.

Lakini milima haipandi na kushuka kila baada ya miaka 40. Marekani mwaka 1928, asilimia moja ya matajiri ilikuwa inachukua karibu robo ya mapato yote ya nchi. Kufikia miaka ya 1970 sehemu yao ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha moja ya kumi. Katikati hapo kulikuwa na vita, vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, na kodi iliyovuka asilimia 90 kwa sehemu ya juu kabisa ya kipato. Kisha kodi hiyo ikapunguzwa hadi asilimia 28 mwaka 1988, na vyama vya wafanyakazi vikadhoofika. Sehemu ya matajiri ikapanda tena hadi kiasi cha moja ya tano. Nchi ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria.

Brazil, moja ya nchi zenye pengo baya zaidi duniani, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa Bolsa Família wa kuzipa fedha kaya maskini, kwa masharti ya watoto kwenda shule na kupata chanjo, huku ikipandisha kima cha chini cha mshahara. Kwa miaka zaidi ya kumi pengo lake lilipungua, ingawa bado ni kubwa. Sisi nasi kupitia TASAF tuna mpango wa kunusuru kaya maskini unaofanana na huo.

Na tusiende mbali. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Tofauti ya mishahara baina ya wa juu na wa chini serikalini ilipungua sana katika miaka iliyofuata. Ni kweli kuwa siasa ile ilikuwa na kasoro zake. Miaka ya mwanzo ya 1980 tulisimama foleni za sukari na sabuni, kwa sababu kugawana kisichozalishwa ni kugawana njaa. Lakini mwaka 1991, kule Zanzibar, yale masharti ya uongozi yalilegezwa katika kikao. Kalamu iliandika, kalamu ikafuta. Na mwaka 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza mwezi Julai, wananchi walilalamika, na Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Jambo linalopunguzwa kwa malalamiko ya miezi miwili haliwezi kuwa limeandikwa mbinguni lisibadilike.

Je, sisi tuna udhuru gani?

Naogopa msomaji akimaliza kusoma atasema: basi serikali ifanye. Na kweli ifanye. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wote wawe na leseni na wafuate taratibu, na ni haki yetu kudai isimamiwe mpaka mitaani. Lakini kuna ukuta tulioujenga sisi wenyewe Waislamu, na kuubomoa hakuhitaji kibali cha Bunge.

Nani anatuzuia kuikusanya Zaka kwa pamoja? Kila Ramadhani tunaona maskini wamepangwa foleni kwenye geti la tajiri tangu alfajiri, wanagawiwa noti moja moja, wanasukumana juani. Milioni 10 zikigawanywa kwa watu 2,000 ni shilingi 5,000 kila mmoja. Zinaisha kabla ya kufuturu, na mwakani foleni ni ile ile. Milioni 10 hizo hizo, wakipewa mafukara 20 wanaostahiki, kila mmoja anapata laki tano za kununulia cherehani, jiko au mtaji, na inshaallah mwakani baadhi yao hawatakuwa kwenye foleni.

Nani anatuzuia kugawa mirathi? Ni nyumba ngapi mijini mwetu ambazo mzee alifariki miaka 15 iliyopita, kaka mkubwa anachukua kodi za wapangaji, na dada zake wanaambiwa wasivunje udugu? Kisha dada huyo ndiye anayekwenda kukopa kausha damu.

Nani anatuzuia kuwa na mfuko wa Qardhul-hasana msikitini? Tunachangia marumaru na zulia mpaka tunabadilisha zulia ambalo halijachakaa. Aliyefunga mkopo wa yule mama kwa muhuri ni mtu mmoja. Sisi tuliokuwa tunaswali naye msikiti mmoja kwa miezi minane bila kujua tulikuwa mamia.

Nilirudi kwenye darsa na kusema mbele ya watu kuwa jibu nililotoa siku ile lilikuwa pungufu, na nikamuomba radhi mwenye swali bila kumtaja. Baadhi ya wazee walinikemea kwamba ninachochea watu wawachukie wenye nacho. Niliwajibu kwa adabu kuwa ninawapenda wenye nacho, ndiyo maana sipendi wafufuke na haki za watu shingoni. Mzee mmoja katika waliokemea ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa.

Kwa fedha ile tulianza mfuko mdogo wa mikopo isiyo na riba. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa kumtoa yule mama kwenye deni. Amesharejesha wote, shilingi 5,000 kila Ijumaa. Wapo wawili waliochukua na hawajarejesha hadi leo, na tunawafuatilia. Sisemi kuwa tumeondoa umaskini. Nasema kuwa jambo ambalo niliwaambia watu ni la kuvumilia tu, lilikuwa linaweza kubadilishwa na watu wa msikiti mmoja.

Kwa hiyo mama yangu, kama unasoma gazeti hili au umesomewa, jibu la kikaratasi chako ni hili. Si kukufuru kuuliza. Allah hakukunyima. Fungu lako alilitaja katika Kitabu chake, na akaliweka mikononi mwa watu ili awatahini. Swali ulilotuuliza sisi nyuma ya pazia, Siku ya Kiyama tutaulizwa waziwazi.

Wabillahi tawfiq.